Bwana Harusi na Kibao cha Meno

Muhiddin bin Ghanim alikuwa na jino moja la juu, upande wa kushoto, lililokuwa limeamua kuishi peke yake. Mengine yalijipanga safu, lenyewe likatoka mbele, likapanda juu, kama mpangaji anayekaa barazani kwa sababu ndani hakuna nafasi. Tabu yake ilikuwa wakati wa kucheka. Mdomo ulipanda vizuri kama midomo ya watu wote, lakini kushuka haukushuka. Ulibaki umetundikwa kwenye lile jino kama kanzu msumarini, mpaka Muhiddin aushushe kwa kidole. Vijana wa mtaa wake, Mchafukoge, walikuwa na adabu sana: walimsubiri amalize kucheka, ndipo wao waanze.

Alikuwa akimsaidia baba yake, Mzee Ghanim, dukani. Mzee Ghanim aliuza harufu: udi, ubani, miski, sandali, marashi ya mawaridi. Jina lake lilijulikana mpaka ng'ambo ya Kariakoo, na harusi ya maana haikufanyika bila udi wa Ghanim. Kabla hajamuuzia mtu alivunja kichembe, akakiweka kwenye kaa la moto, akafumba macho, akanusa. Kama hakukipenda alikirudisha kwa aliyemletea, hata kama mletaji ni shemeji yake. Udi ulimpa heshima kuliko ndevu zake, na ndevu zake hazikuwa haba.

Basi jirani na duka akahamia daktari wa meno, Mgoa, aliyesomea Bombay. Enzi hizo, Waingereza wakiwa ndio wameshika nchi, watu wa Dar es Salaam walimjua daktari wa meno kuwa ni mtu wa kung'oa tu. Huyu alikuja na habari mpya. Alimtazama Muhiddin siku ya kwanza, akamtazama siku ya pili, siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Mzee Ghanim, jino la kijana wako naweza kulihamisha."

"Ulihamishie wapi?"

"Lirudi kwenye safu yake."

"Kwani meno yana miguu?"

"Yanayo, mzee. Ila yanatembea polepole kuliko karani wa bomani."

Mzee Ghanim alicheka mpaka akakohoa, na aliyemchekesha hakumnyima kitu. Muhiddin akakalishwa kwenye kiti. Alifungwa vipete vidogo kwenye meno, na juu ya vipete ukapitishwa waya wa kung'aa kutoka shavu hadi shavu. Kila baada ya muda daktari aliukaza, na kila alipoukaza Muhiddin alikunywa uji na kuwachukia watu wote wanaotafuna miwa hadharani.

Maumivu, hata hivyo, yalikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa Kariakoo. Siku moja alikuwa anapeleka ubani kwa mteja, akapita chini ya dirisha lenye pazia la maua. Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya msichana, laini, yenye heshima zote:

"Ewe Reli ya Kati! Samahani bwana, treni ya Tabora inaondoka saa ngapi?"

Kikafuata kicheko cha wasichana wengi. Muhiddin akageuka haraka, asione mtu, ila pazia linatikisika. Akabadili njia. Haikumsaidia kitu, maana lile jina lilikata uchochoro likafika sokoni kabla yake. Wauza nazi wakamwita Reli. Wapagazi wakampigia honi. Aliyemtungia jina hakumjua, ila ile sauti hakuisahau, wala hakumsamehe mwenyewe.

Mwaka ukapita na ushee. Waya ukatoka. Muhiddin akajitazama kwenye kioo cha dukani, akacheka, mdomo ukapanda, ukashuka wenyewe. Akacheka tena kuhakikisha. Mteja aliyekuwa akisubiri marashi alidhani kijana amepagawa.

"Nimemaliza," alimwambia daktari.

"Umeanza," alijibu daktari, akamwekea mkononi kitu cha ajabu.

Kilikuwa kibao chembamba cha mpira mgumu, chenye rangi ya maini, kilichofinyangwa kwa umbo la paa la kinywa chake, na mbele yake kuna waya mmoja wa kuyazunguka meno ya juu. Kilinuka kidogo kama raba ya kufutia maandishi.

"Meno ni kama kuku wa kununua," daktari alisema. "Ukimfungua kabla hajazoea banda jipya, anarudi kwa mwenyewe wa zamani. Kibao hiki ndicho kamba. Ukitaka kula, kivue. Ukishakula sukutua, kivae tena. Kisugue kwa mswaki na sabuni na maji baridi. Sikusema ya moto, sikusema ya uvuguvugu. Kikiwa nje ya mdomo kikae ndani ya maji. Usikitie mfukoni, usikifunge kwenye leso, usikisogeze kwenye moto hata kidogo. Mpira huu ulipikwa ukawa na umbo, ukikutana na moto tena unasahau umbo lake."

"Mpaka lini?"

"Mwaka wa kwanza usiku na mchana. Baada ya hapo usiku tu."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo utakuwa mzee, tutazungumza mengine."

Wiki za mwanzo mate yalimzidi nguvu. Kila alipomkaribisha mteja kwa maneno mawili matatu, mteja alijipangusa shavu. Ikasemwa mtaani kwamba duka la Ghanim siku hizi unarashiwa hata kabla ya kununua. Lakini Muhiddin alizoea, ulimi ukajua njia yake, na kibakuli cha maji baridi kikawa na mahali pake nyuma ya mitungi ya marashi.

Ndipo likaja neno la ndoa. Binti alikuwa Zeina, wa mfanyabiashara wa kahawa huko huko Kariakoo. Wazee walishakubaliana, imebaki kumuuliza mwenyewe, na shangazi yake Muhiddin ndiye aliyetumwa. Alirudi jua linazama, akavua viatu taratibu, akaomba maji, akanywa, akaomba mengine. Shangazi alijua kumchoma mtu bila moto.

"Tumemuuliza, 'Umemwona kijana?' Akasema amemwona."

"Enhe?"

"Tukamuuliza, 'Umemwonaje?' Akainamisha kichwa."

"Enhe, shangazi?"

"Akasema, 'Meno yake mazuri.'"

"Halafu?"

"Halafu basi. Kwani wewe una nini kingine?"

Nyumba nzima ilifurahi isipokuwa bwana harusi. Aliketi nyuma ya mitungi, akakitazama kibao ndani ya maji, na kibao, yeye aliona hivyo, kikamtazama yeye. Msichana amekubali meno. Tena hakusema tabia, hakusema sauti, hakusema hata urefu. Amesema meno. Na meno yenyewe ni ya nani? Yanafungwa kamba kama kuku! Akijua kwamba mumewe anatembea na kipande cha mpira mdomoni, si atasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia? Hapo Muhiddin akala yamini: Zeina hatakiona kile kibao kamwe.

Yamini hiyo ingekuwa nyepesi kama asingelazimika kukaa fungate nyumbani kwa kina Zeina, kama ilivyo desturi. Siku saba, chumba kimoja, na somo wa bibi harusi, kungwi wake, akiingia na kutoka. Somo huyo aliitwa Bi Kuruthumu. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye imani mbili maishani: kwamba bwana harusi asiposhiba ndoa haidumu, na kwamba kitu kisichofukizwa hakijawa safi. Alifukiza nguo, nywele, mashuka, mitungi ya maji ya kunywa. Paka wa nyumba ile alinukia kuliko watu wa nyumba nyingine.

Kwa hiyo kilikuja chakula. Vikaja vitumbua, mkate wa kumimina, kuku wa kupaka, halua, maziwa ya iliki, na kabla sahani haijapoa ikaja nyingine. Na kila sahani ilimaanisha kuvua kibao, na kila kuvua kulimaanisha kugeukia ukutani, mkono usoni, kama mtu anayeomba dua. Akishakula, ukutani tena. Usiku alilala ameupa ukuta uso. Mchana alizungumza kidogo, akacheka kwa midomo iliyofungwa. Zeina naye alikuwa bibi harusi wa kupigiwa mfano: kichwa chini, kanga mpaka kwenye nyusi, na maneno yake yote yalikuwa "naam," "la," na "ahsante," tena kwa kunong'ona. Mtu angewachungulia angesema ni watu wawili wanaosubiri kuitwa kwa hakimu.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, Muhiddin alisikia viatu vya Bi Kuruthumu vikija mbio ukumbini. Akageukia ukuta, akavua kibao. Lakini kikombe chake cha maji, alichokuwa akikificha nyuma ya kitanda, kilikuwa kimeshachukuliwa kuoshwa. Mfukoni alikatazwa. Leso alikatazwa. Mlango unafunguka. Akakitia ndani ya kofia yake ya viua, akaiweka kofia rafuni, akakaa kitako kama malaika.

"Hodi wanangu! Kaeni mle." Bi Kuruthumu akatua sinia. Akazungusha macho chumbani. "Na hizi nguo zimekaa tangu asubuhi, nakwenda kuzifukiza." Akabeba kanzu, akabeba kanga za Zeina, na mkono wake ukaenda rafuni.

"Kofia iache, Bi Kuruthumu," Muhiddin alisema, mdomo umejaa mkate. "Kofia ni safi."

"Usafi siyo harufu, mwanangu."

"Haina haja..."

"Ina nini hiyo kofia?"

Muhiddin akamtazama Zeina. Zeina alikuwa anautazama mkeka.

"Haina kitu," akasema.

Bi Kuruthumu akaondoka na kofia, ameibana kwapani pamoja na kanzu. Uani kulikuwa na shangazi za Zeina na majirani waliokuja kusaidia fungate, wamezunguka chetezo. Juu ya chetezo palifunikwa kitenga cha fito cha kuanikia nguo, na nguo zikatandazwa juu yake moja moja, moshi uzipenye. Kofia, kwa kuwa ni kitu cha kichwani, ilipewa heshima ya pekee: iliwekwa chini ya kitenga, kwenye kijiwe, jirani kabisa na makaa.

Muhiddin alitafuna bila kujua anatafuna nini. Moshi wa udi ukaingia dirishani, mtamu, mzito, ule wa dukani kwao aliokua nao. Kisha ukaingia mwingine.

"Nani anachoma gurudumu la baiskeli?" sauti ya Bi Kuruthumu ilisikika uani.

Wakatafuta. Hapakuwa na baiskeli. Wakamnusa paka, paka akaonekana hana hatia. Halafu ikasikika sauti ya mtu anayenusa kwa nguvu, anakaribia, anakaribia.

"Haa! Jamani, si hapa hapa kwenye chetezo? Ni huu udi!"

"Udi gani?"

"Udi wa mkwe! Udi wa Mzee Ghanim! Amechanganya na mpira, Wallahi!"

"Ndiyo maana harusi ya juzi macho yaliniwasha," alidakia mwanamke mwingine, ambaye macho yalikuwa yakimwasha tangu zamani.

"Na ndevu zote zile! Ngoja niende sokoni kununua nazi. Leo leo Kariakoo nzima itajua tunavukizwa magurudumu."

Muhiddin aliacha kutafuna. Alimjua Bi Kuruthumu kwa siku tatu tu, lakini alijua kwamba nazi zingenunuliwa, na kwamba ingekuwa safari ndefu yenye vituo vingi. Akamwona akilini baba yake amefumba macho juu ya kichembe cha udi, ananusa, anarudisha. Miaka yote hiyo ya kunusa, iishie kwenye kikapu cha nazi! Na upande wa pili alikuwa Zeina, aliyekubali kitu kimoja tu mwilini mwake.

Akainuka. Akatoka mpaka uani, kichwa wazi, bwana harusi wa siku tatu katikati ya wanawake. Kanga zikavutwa vichwani kwa kishindo.

"Bwana harusi! Umepotea njia?"

"Udi hauna kosa, Bi Kuruthumu."

"Kosa la nani basi?"

"La mdomo wangu."

Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitenga, akaitoa kofia. Ndani yake kibao kilikuwa kimejikunja kama chapati, waya umechomoka upande mmoja, mweusi. Akakiinua juu wote wakione. Bi Kuruthumu akarudi nyuma hatua moja.

"Mdudu gani huyo?"

"Si mdudu. Ni changu, nakivaa mdomoni." Masikio yalimwaka kuliko chetezo. "Meno haya hayakuwa hivi. Daktari aliyanyoosha kwa waya, na hiki kinayashika yasirudi yalikotoka. Msiende kumtangaza baba yangu sokoni. Kama mna la kutangaza, tangazeni hili." Kisha akageuka kidogo upande wa chumba, ambako mlango ulikuwa na pazia, akaongeza kwa sauti ya chini, "Na aliyekubali meno, ajue alichokubali."

Bi Kuruthumu akanyoosha shingo, akakinusa kile kibao kwa mbali. Kaa likalia kwenye chetezo.

Ndipo nyuma ya pazia ikatoka sauti. Haikuwa ya kunong'ona. Ilikuwa laini, safi, yenye heshima zote:

"Samahani bwana. Treni ya Tabora inaondoka saa ngapi?"

Muhiddin akageuka haraka. Hakuona mtu, ila pazia linatikisika.

"Ni wewe!" alisema.

"Na wewe ni wewe," ilijibu sauti.

Kwanza alitaka kukasirika, kwa sababu alikuwa ameiwekea sauti ile hasira ya siku nyingi. Akaitafuta hasira yenyewe, asiione. Badala yake kikamtoka kicheko, kikubwa, cha mdomo wazi, meno yote nje, yaliyonyooshwa na yale ya nyuma ambayo daktari hakuyagusa. Wanawake nao wakaangua, na Bi Kuruthumu akalazimika kukaa juu ya kinu.

Aliporudi chumbani, Zeina alikuwa ameishusha kanga mpaka mabegani.

"Nilikuona na jino lako lile," alimwambia. "Mdomo umetundikwa. Nikakuona na reli. Kila ulipopita nilisema, leo limesogea, leo bado. Kama mtu anayetazama nyumba ya jirani inavyojengwa. Siku uliyopita bila waya niliwaita wenzangu dirishani."

"Na shangazi ukamwambia meno tu."

"Ulitaka nimwambie nimekuchungulia mwaka mzima?"

"Lakini kibao hukukijua."

"Siku ya kwanza nilidhani unaomba dua. Siku ya pili nikajiuliza, dua gani hii inayofuata kila kitumbua?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka nione utageukia ukuta mpaka lini."

Kesho yake kikatokea kitu ambacho Kariakoo ilikuwa haijakiona: bwana harusi akiwa nje katikati ya fungate yake, tena kwa ruhusa ya bibi harusi, anakatiza Mnazi Mmoja mchana kweupe na kibao kilichokunjamana mkononi. Hakikumfaa kitu tena, lakini Zeina alisema daktari akione. Wauza nazi, ambao Bi Kuruthumu alikwisha kuwapa habari iliyo sahihi, wakampigia honi kwa vinywa. Muhiddin akawapungia mkono, kama dereva wa treni.

Daktari akakipokea, akakigeuza.

"Umekipika?"

"Tumekifukiza."

Daktari akakileta puani. "Udi wa nani?"

"Wa baba."

"Mzuri," alisema daktari, kisha akamkalisha kwenye kiti na kumjaza plasta ya kuchukulia umbo, labda kwa adhabu, maana aliiacha mdomoni muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Mpaka kibao kipya kilipokuwa tayari, lile jino la kushoto lilikuwa limeshachungulia nje kidogo, unene wa punje ya mtama. Halikurudi tena ndani sawasawa. Zeina alisema liachwe, lisije likasahaulika kabisa.

Siku ya mwisho ya fungate, kibakuli cha kaure chenye maji baridi kilikuwa mezani, karibu na dele la kahawa, wazi mbele za watu, na kibao kipya kimelala ndani yake wakati mwenyewe akila. Bi Kuruthumu akaingia na chetezo mkononi. Akafukiza mapazia. Akafukiza kitanda. Akafika mezani, akasimama.

"Kitu kinaingia mdomoni mwa mume wa mtu," alisema kwa huzuni, "kikose hata ubani kidogo?"

"Bi Kuruthumu!" walisema wote wawili kwa pamoja.

"Basi, basi. Nakitazama tu."

Akachukua kanzu, akachukua kanga, akanyoosha mkono rafuni akachukua na kofia. Alipofika mlangoni akasita, akaigeuza kofia juu chini, akaikung'uta, akachungulia ndani, kisha ndipo akaenda zake uani.